Chungu Kisicho na Samaki



Katika nyumba nyingi za pwani yetu, neno kitoweo likitajwa, fikira ya msikiaji huelekea baharini. Mlo usio na samaki huhesabiwa kuwa mlo pungufu, na mama aliyepakua wali kwa kunde huomba radhi kana kwamba amewanyima watu wake haki yao. Mwezi huu twapenda kuizungumza fikira hiyo, kwani madhara yake huwafikia watoto wadogo kabla ya watu wazima. Hatusemi kwamba samaki ni kitu kibaya. Samaki ni chakula bora, na Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mawindo ya bahari. Tusemalo ni kwamba chungu kisicho na samaki wala nyama chaweza kumkuza mtoto vizuri, ikiwa mpishi ajua kukipanga. Na asipojua, mtoto aweza kushiba kila siku na huku akidhoofika.

Tuchukue mfano wa Ushongo, kijiji kilicho katika wilaya ya Pangani, kusini ya mto, mkabala na kisiwa cha Maziwe. Watu wake ni wavuvi na wakulima, na minazi yao imesimama mpaka karibu na mchanga wa pwani. Kusi likivuma kwa nguvu, hasa miezi ya Juni na Julai, vyombo vidogo haviwezi kwenda mbali. Samaki huwa haba na bei yake hupanda. Hata siku za neema, mvuvi ana sare za shule za kununua na deni la dukani la kulipa, basi samaki mwema huuzwa. Hapo ndipo katika nyumba nyingine hubakia ugali kwa chai ya rangi, au muhogo uliochemshwa kwa chumvi. Tumbo limejaa, lakini mwili haukupata kitu. Na huku uani pana mpapai, kunde zimetambaa shambani, mchicha umejiotea, na nazi zimeanguka chini ya mnazi.

Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wasiotimia miaka mitano, 30 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyoupasa umri wao. Kudumaa si kimo tu. Mtoto aliyekosa chakula kinachofaa katika miaka yake miwili ya mwanzo hupungukiwa na nguvu za kupigana na maradhi, na akili yake pia huweza kuchelewa shuleni. Mengi ya hayo yakisha kupita umri huo ni shida kuyarudisha.

Liko na lililo zito zaidi. Mwaka 1935 Dakta Cicely Williams, aliyekuwa akitibu watoto katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliwaandikia madaktari wenzake juu ya ugonjwa ambao watu wa huko waliuita kwashiorkor, nasi twauita kwashakoo. Neno hilo ni la lugha ya Kiga ya Accra, na maana yake yahusu ugonjwa unaompata mtoto mdogo anapozaliwa mwenziwe wa kumfuata. Angalieni jinsi wahenga wa huko walivyoona mbali. Mtoto huachishwa ziwa kwa sababu mama ana mwingine, kisha hupewa uji wa unga mtupu. Miguu na uso huvimba, nywele hugeuka rangi na kunyonyoka, naye hukaa kimya bila ya raha. Jirani asiyejua humsifu kuwa amenenepa. Mvimbo ule si unene, na mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Basi ni lipi la kufanya katika nyumba isiyo na samaki? Kanuni ya kwanza ni kuoza nafaka kwa kunde. Mwili hujengwa kwa protini, na protini ya mahindi, mtama au mchele ina upungufu wake. Kunde, choroko, mbaazi, fiwi na maharage hukamilisha upungufu huo, na nafaka nazo hukamilisha upungufu wa kunde. Vikiliwa pamoja siku moja, mtoto hupata karibu yale ambayo angeyapata kwa nyama. Gramu 100 za kunde kavu zina protini zipatazo gramu 23. Muhogo mbichi wa uzito huo huo una gramu moja na kidogo tu. Kwa hiyo muhogo ni chakula cha kutia nguvu, wala haufai kuachwa peke yake kumkuza mtoto.

Juu ya muhogo twaongeza onyo. Muhogo mchungu una sumu, nayo hutoka kwa kumenya, kuloweka, kuvundika na kukausha kwa siku za kutosha. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, ukame uliwafanya watu wale muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri, tena bila ya kunde wala samaki. Zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu. Mambo mawili yalikutana: sumu haikutolewa, na mwili haukuwa na protini ya kuisaidia kuiondosha. Kisamvu nacho kitwangwe vizuri, kichemshwe kwa muda mrefu na chungu kiwe wazi.

Kanuni ya pili ni majani na matunda. Mchicha, matembele, majani ya kunde na majani ya maboga huleta madini ya chuma yanayoongeza damu. Lakini chuma cha majani huingia mwilini kwa shida mpaka kisaidiwe na kitu chenye uchachu. Kamulieni ndimu juu ya mboga, au mpeni mtoto kipande cha chungwa, embe au papai pamoja na chakula chake. Chai hufanya kinyume. Huzuia chuma kisiingie. Kwa hiyo chai na mlo wa mtoto visikutane. Boga, papai, embe na viazi vitamu vya rangi ya manjano hulinda macho, na faida yake hupatikana vizuri zaidi penye mafuta kidogo, kama tui la nazi au karanga.

Sasa tueleze vyungu vitatu ambavyo nyumba ya watu sita yaweza kuvipika bila ya gharama kubwa.

Cha kwanza ni mbaazi za nazi. Chukueni vikombe viwili vya mbaazi kavu, mzichague na kuziloweka usiku kucha. Asubuhi mwageni maji yale, tieni mapya, mzichemshe mpaka zibonyee kwa vidole. Kuneni nazi moja, mkamue tui zito na kuliweka kando, kisha mkamue tui jepesi. Tieni tui jepesi pamoja na kitunguu kilichokatwa, manjano kidogo na nyanya moja, na chungu kichemke. Mwisho tieni tui zito na chumvi yenye madini joto, mkoroge taratibu bila ya kuacha ili tui lisikatike. Mpakulieni mtoto kabla ya kutia pilipili. Zikiliwa kwa wali au chapati, nafaka na kunde zimekwisha kuoana. Nazi moja yatosha. Mafuta yake yakizidi hayawafai wazee wenye maradhi ya moyo.

Cha pili ni mchicha wa karanga. Osheni mafungu matatu ya mchicha kabla ya kuukata, si baada yake, ili yaliyo bora yasiende na maji. Twangeni kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa, mzikoroge kwa maji ya uvuguvugu na kuzipika pamoja na kitunguu na nyanya kwa muda wa dakika kumi. Ndipo mtie mchicha, mfunike, na kuutoa mara ulegeapo. Kupika majani mpaka yageuke meusi ni kuitupa faida yake. Karanga zichaguliwe, na kila iliyoota ukungu itupwe, kwani ukungu huo huleta sumukuvu. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo, na baadhi yao wakafariki. Kuosha wala kupika hakuiondoi.

Cha tatu ni mchuzi wa mumunye na choroko. Anas bin Malik alisimulia kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alialikwa na mshonaji, akaletewa mkate wa shayiri na mchuzi wenye mumunye na nyama iliyokaushwa, naye alionekana akiyafuata mamumunye pande zote za sahani. Nyama ilikuwapo, lakini mkono wake mtukufu ulielekea kwenye mboga. Basi nani miongoni mwetu atakayeona haya kuipakua? Chemsheni kikombe kimoja na nusu cha choroko mpaka zivurugike, tieni vipande vya mumunye au boga, kitunguu, thomu na tui kidogo, na baada ya mumunye kuiva kamulieni ndimu. Mchuzi huu ni mlaini, na hata mtoto asiyekuwa na meno mengi huuweza.

Ama mtoto mchanga ana sheria yake. Miezi sita ya mwanzo maziwa ya mama yamtosha, bila ya maji wala uji. Baada ya hapo huanzishiwa chakula, na kunyonya huendelea. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili, na Shirika la Afya Duniani nalo hushauri kunyonyesha mpaka miaka miwili au zaidi. Uji wake uwe mzito kiasi cha kukaa juu ya kijiko bila ya kumiminika. Changanyeni vipimo vitatu vya unga wa mahindi au ulezi na kipimo kimoja cha unga wa karanga, mwongeze tui au boga lililopondwa.

Hapa ndipo penye tatizo la wengi: tumbo la mtoto ni dogo, na uji mwepesi hulijaza maji, ilhali uji mzito sana humshinda kumeza. Wataalamu wa Tanzania walilitafutia dawa miaka ya 1980 katika kimea, kitu ambacho bibi zetu walikijua zamani. Ulezi hulowekwa siku moja, huachwa uchipue siku mbili au tatu, hukaushwa juani, kisha husagwa. Kijiko kimoja cha unga huo kikitiwa katika uji mzito wa moto, uji hulegea wenyewe bila ya kuongezwa maji; ndipo urudishwe motoni uchemke tena. Katika miaka hiyo mkoa wa Iringa uliendesha mpango wa lishe kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, na moja ya mafunzo yake lilikuwa kuwalisha wadogo mara nyingi kwa siku. Mtoto wa miezi sita hadi minane apewe chakula mara mbili au tatu, na aliyezidi hapo mara tatu au nne, pamoja na tunda katikati. Karanga nzima asipewe mtoto mdogo, zisije zikamkaba. Na asali asionjeshwe kabla ya kutimiza mwaka.

Liko jambo moja ambalo haifai kulificha. Vitamini iitwayo B12 haipatikani katika majani wala kunde. Nyumba isiyopika samaki wala nyama kwa siku nyingi impe mtoto yai au maziwa mara kwa mara. Na ambaye hapati hata hivyo, mama amwulize mganga wa zahanati.

Mwisho twasema neno na akina baba. Desturi yetu ya kula katika sinia moja ni njema, lakini mtoto mdogo hula polepole, na wakubwa humaliza kabla yake. Umar bin Abi Salama alipokuwa mtoto, mkono wake ulizunguka sahanini, naye Mtume (s.a.w.) akamfundisha kumtaja Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yake. Huko ni kufunzwa na mkubwa aliyekuwa akimwangalia. Nasi tumwangalie mtoto wetu. Apakuliwe bakuli lake mwenyewe, ijulikane amekula kiasi gani, na mtu akae naye mpaka amalize. Na baba auzaye samaki wake asirudi na sukari na majani ya chai peke yake. Sehemu ya fedha ile irudi nyumbani ikiwa choroko, karanga na mayai.

Chungu kisicho na samaki si aibu ya nyumba yo yote. Aibu ni mtoto kulala na njaa ambayo hakuna aliyeiona, kwa kuwa tumbo lake limejaa. Twamwomba Mwenyezi Mungu awabariki watoto wetu katika afya na akili zao, na atuwezeshe kuitunza amana aliyotukabidhi. Amin.