Nani Alishika Viatu Vyako?



Mpendwa msomaji, sisi tuliozaliwa Ugogo maji tunayajua kwa ndoo. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mtoto wa kwetu hujifunza mapema kutomwaga hata kikombe. Ndiyo maana Mgogo akisimama mbele ya bahari hukaa kimya kwanza. Maji yote yale, na hakuna aliyepanga foleni!

Juni iliyopita, shule zilipofungwa, mdogo wangu na mumewe walinialika tukapumzike Bagamoyo kwa siku mbili. Nilisita. Sisi mapadre tunaona haya kupumzika, tukidhani waamini watasema Padre anakula sadaka. Lakini nilikumbuka kwamba Bwana mwenyewe aliwaona mitume wamechoka, hawana hata nafasi ya kula, akawaita kando wapumzike kidogo (Mk 6:30-32). Basi nikakubali. Tulipanda treni ya SGR alfajiri, ile iliyoanza kubeba abiria wa Dodoma mwaka 2024, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tayari Dar es Salaam, tukakodi Noah kwenda Bagamoyo.

Tulianzia kanisani. Hapo Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868, wakawapokea watu waliokombolewa utumwani. Tulisali makaburini, ambako wamisionari wengi wamelala wakiwa bado vijana. Niliwaeleza watoto kwamba njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora ilipita kwetu Ugogo kabla ya kufika hapa. Wapagazi walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kichwani na begani, na watemi wetu wa Kigogo waliwatoza hongo ndipo wapite na kunywa maji. Wengine husema jina Bagamoyo latokana na kubwaga moyo: mpagazi akifika pwani anatua mzigo, moyo unatulia. Wengine husema ni maneno ya mtumwa, aliyeuacha moyo wake hapo kabla ya kuvushwa bahari. Watoto walinisikiliza vizuri. Mimi mwenyewe, kama utakavyoona, sikujisikiliza.

Mchana tulikula karibu na soko la samaki. Changu wa kukaanga, pweza, kamba, wali wa nazi, ndimu na pilipili. Kwetu mtu aliyezoea ugali wa uwele na mlenda, na samaki ni dagaa au perege wa Mtera, meza ile ilikuwa sikukuu. Saa kumi alasiri maji yalikuwa yamejaa, maana zilikuwa siku za bamvua. Siwezi kuogelea, lakini niliingia mpaka maji yakanifika kifuani, nikasimama nikiachia mawimbi yanisukume. Wajomba zangu walicheka mpaka wakapaliwa. Nakuambia kweli, kwa muda wa saa nzima sikukumbuka parokia, wala deni la mabati, wala kesi ya kwaya mbili zinazogombea kinanda. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Nilipotoka majini nilikwenda kuchukua viatu vyangu. Vilikuwa mikononi mwa binti wa kazi.

Binti huyu anatoka kijijini kwetu, ana miaka kumi na tisa. Alikuwa amekaa chini ya mti, mtoto mdogo amelala mgongoni, simu nne kwenye mapaja, mabegi yamemzunguka, na viatu vya watu sita vimepangwa mbele yake kama mlangoni pa msiba. Viatu vyake mwenyewe alikuwa amevivaa. Nikamuuliza, “Wewe hujaoga?” Akatabasamu. “Hapana, Padre. Nani angemshika mtoto?”

Hakulalamika, na hilo ndilo lililonichoma. Nikakumbuka kwamba mchana pia alikula baada yetu, akiwa amesimama, kwa sababu mtoto alikuwa akilia. Nikakumbuka kwamba saa na rozari yangu nilimkabidhi mimi mwenyewe kwa mkono wangu, bila hata kumtazama usoni. Mahali ambapo wapagazi walitua mizigo, sisi tuliotoka kusali kwenye makaburi tulikuwa tumemtwisha mtu mmoja mizigo yetu yote, tukaita siku hiyo mapumziko.

Jioni nilimwambia mdogo wangu. Alinyamaza, kisha akasema, “Kaka, kesho asubuhi ataoga, mtoto nitamshika mimi.” Asubuhi saa nne tukashuka ufukweni wote. Bahari haikuwepo. Maji yalikuwa yamekupwa mbali sana, mashua zimelala ubavu, mbele yetu ni mchanga na tope tu. Na treni ilikuwa ikitusubiri Dar. Binti alivua viatu, akatembea hadi kwenye kidimbwi kilichobaki, akachovya kidole, akaonja. “Kumbe ni kweli ina chumvi,” akasema. Akarudi, akambeba mtoto, tukaondoka.

Mpendwa msomaji, amri ya kuitakasa siku ya Bwana imeandikwa mara mbili. Katika Kitabu cha Kutoka (20:8-11) sababu yake ni uumbaji: Mungu alifanya kazi siku sita, akapumzika. Katika Kumbukumbu la Torati (5:12-15) sababu ni nyingine. Mungu anaagiza mtumwa na mjakazi wapumzike sawasawa na bwana wao, kisha anawaeleza Waisraeli kwa nini: na ninyi mlikuwa watumwa Misri. Aliyewahi kubeba mzigo asisahau uzito wake. Basi pumziko lililosimama juu ya mgongo wa mwingine halijatimiza amri, hata kama tulitangulia kusali. Katekisimu yetu nayo (namba 2187) inatukumbusha tusimdai mwenzetu kazi isiyo ya lazima itakayomzuia kuishika siku ya Bwana.

Najua utaniambia, “Padre, mimi mwenyewe nauza duka mpaka usiku, sipumziki, na binti nikimwacha, nyumba itakwenda?” Nakuelewa. Mama anayerudi kazini saa mbili usiku naye ni mpagazi. Sikuhukumu, maana viatu vile vilikuwa vyangu. Lakini hata sheria ya nchi, ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila wiki, na siku 28 za likizo kila mwaka. Isiwe Bunge linamhurumia binti wa jikoni kuliko sisi tunaopokea Ekaristi.

Nilirudi parokiani nikiwa na swali moja. Mpishi wetu alikuwa akihudhuria Misa ya kwanza, kisha anakimbilia jikoni ili mapadre wale. Miaka mingapi? Sikuwahi kuhesabu. Sasa Dominika anakwenda kwake. Chakula kinapikwa Jumamosi, sisi tunapasha moto na kuosha vyombo wenyewe. Wali umetuungulia mara mbili, na hakuna padre aliyekufa.

Katika Injili ya Yohane, sura ya 21, kuna mlo wa samaki ufukweni. Mitume wamekesha wakivua, wamechoka, wamelowa. Nani amewasha mkaa? Nani amegeuza samaki? Ni Bwana Mfufuka mwenyewe, mwenye majeraha mikononi. Yeye ndiye mpishi, na waliofanya kazi usiku kucha ndio wanaoitwa waje wale. Huo ndio ufukwe wa Kikristo.

Basi leo, ukitoka kanisani, kabla hujafunua sufuria, angalia nani yuko jikoni. Muulize alisali Misa ipi. Mwite aketi mezani, ale chakula kikiwa cha moto, na wewe ushike mtoto. Panga naye siku yake ya kupumzika, uiandike, uiheshimu. Usiseme utafanya kesho. Sisi wa bara hatukujua, lakini watu wa pwani wanajua: maji yaliyojaa leo alasiri, kesho asubuhi utakuta yamekwenda.

Desemba, Mungu akipenda, tutarudi Bagamoyo. Tumekwisha kuuliza saa za maji kujaa. Viatu nitashika mimi.

Nakutakia Dominika njema.