Je, Wajua? Virusi Vinavyovamia Bakteria wa Baharini

Mililita moja ya maji ya bahari ya pwani, kama yale yanayopita mbele ya Kizingo yakiingia bandari ya Kilindini, Mombasa, kwa kawaida huwa na virusi vipatavyo milioni 10, na vingi kati yake havimdhuru muogeleaji wala samaki, kwa kuwa mawindo yake ni bakteria. Virusi hivyo huitwa bakteriofaji.

Bakteriofaji zinazofahamika zaidi zina kichwa, ambacho ni ganda la protini lenye upana ambao aghalabu haufiki nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), na ndani yake DNA imeshindiliwa kwa nguvu. Chini ya kichwa kuna mkia wenye nyuzi nyembamba. Kirusi hakiwezi kuogelea, bali huchukuliwa na maji mpaka kigongane na bakteria, na nyuzi hizo zisipooana na molekuli zilizo juu ya bakteria huyo, kama ufunguo usiooana na kitasa, hakuna kinachotokea. Zikioana, katika aina zenye mkia unaonywea, ala ya mkia hunywea, mrija wa ndani hutoboa ukuta wa seli, na DNA husukumwa ndani huku ganda tupu likibaki nje.

Tangu hapo seli huunda virusi vipya badala ya kujihudumia. Virusi vingi vya sainobakteria wa jenasi Synechococcus, wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, hubeba hata jeni ya psbA, inayoendeleza usanisinuru ili nishati isikatike kabla kazi haijakwisha. Mwishowe vimeng'enya vya kirusi humega ukuta, seli hupasuka, na kaboni, naitrojeni na fosforasi zilizokuwamo hurudi majini, zikatumiwa na vijidudu vingine badala ya kupanda hadi kwa samaki.

Hata hivyo, si kila kirusi huua. Kile kiitwacho CTX, chenye umbo la uzi, hukamata kijinywele cha Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu anayestawi pale mito inapokutana na bahari, hupachika DNA yake katika kromosomu ya mwenyeji, na vizazi vyake hutoka bila kumpasua. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba jeni za sumu ya kipindupindu, ugonjwa ulioikumba Unguja mwaka 1869 na kuelezwa na daktari James Christie katika kitabu chake cha 1876, hubebwa na kirusi hicho. Bakteria huyohuyo ana maadui pia, kwani bakteriofaji zinazompasua zimepatikana katika maji ya eneo la Ziwa Victoria nchini Kenya. Hivyo virusi ndivyo vinavyompa sumu yake, na virusi vingine ndivyo vinavyompunguza.