Ukoga katika tangi la samaki: tusikimbilie kusugua

Wengi wetu hapa Muscat tuna tangi la samaki na mimea sebuleni, na wengi tumeona vioo vyake vikigeuka kijani. Mimi nilifanya kile ambacho kila mpenda usafi angelifanya: nikamwaga maji yote, nikasugua kokoto na chujio kwa maji ya bomba. Siku ya tatu samaki watano walikuwa wanaelea, na ukoga ukarudi kabla mwezi haujaisha. Mama yangu, ambaye hukaa mbele ya tangi lile kila baada ya alasiri, hakunilaumu. Aligeuza kiti chake tu.

Kosa langu lilikuwa kudhani ukoga ni uchafu. Ukoga unaishi kama mimea: unataka mwanga, na unataka naitrati na fosfati zitokanazo na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. Na ndani ya chujio mnaishi bakteria wanaogeuza sumu ya amonia kuwa naitrati. Klorini ya bomba iliwaua, na samaki wakafa kwa sumu yao wenyewe.

Sasa nafanya hivi. Kwanza mwanga: nimeliondoa tangi dirishani, khasa kwa jua letu hili, na taa inawaka saa saba kwa siku kwa swichi ya saa. Pili chakula: mara moja kwa siku, kiasi cha kumalizwa ndani ya dakika mbili. Tatu maji: kila wiki nabadilisha robo, kwa maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini, na sponji ya chujio naisuuza ndani ya maji niliyoyatoa tangini. Nne mimea: nimepanda mingi inayokua haraka, ili ile chakula kabla ya ukoga.

Konokono pia wanasaidia, kama wale samaki wadogo wa falaj wanaotudonoa miguu, ambao hukwangua ukoga kwenye mawe. Lakini konokono si tiba. Naye anakula, na naye anakunya.

Baada ya wiki nne vioo vilianza kung'aa. Ukoga kidogo umebaki kwenye mawe, nami nauwacha. Kiti cha mama kimerudi kulielekea tangi.