KOSA DOGO LA HESABU LILILOGHARIMU MAISHA YA ASKARI 28

Askari wengi wakisikia neno hesabu hudhani kuwa hilo ni jambo la walimu na wahandisi, wala halimhusu mtu aliyeshika bunduki. Dhana hiyo si sahihi, na ushahidi wake umeandikwa kwa damu.

Usiku wa tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la aina ya Scud lililorushwa na Iraq liliangukia bweni la askari wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia. Askari 28 walipoteza maisha yao. Mahali hapo palilindwa na mtambo wa Patriot, uliotengenezwa kwa kazi ya kutungua makombora ya adui, lakini mtambo huo haukufyatua chochote. Ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, iliyotolewa mwaka 1992, ilieleza chanzo chake: kosa dogo mno la hesabu lililoachwa likakua.

Ili tulielewe kosa hilo, yatupasa kwanza tujue jinsi wataalamu wanavyoandika namba kubwa sana na namba ndogo sana.

NAMNA YA KUANDIKA

Mawimbi ya redio husafiri takriban mita 300,000,000 kwa sekunde. Kuandika sifuri zote hizo kila mara kunachosha, na ni rahisi kuisahau moja. Kwa hiyo wataalamu huandika 3 × 10⁸. Ile 8 ndogo ya juu huitwa kipeo, nayo yatuambia tuisogeze nukta ya desimali nafasi nane kwenda kulia. Kwa namba ndogo kipeo huwa hasi, na nukta husogezwa kushoto. Hivyo 0.000000095 huandikwa 9.5 × 10⁻⁸. Sharti ni moja: namba ya mbele iwe 1 au zaidi, lakini isifikie 10.

KANUNI TATU

Katika kuzidisha, tunazidisha namba za mbele, kisha tunajumlisha vipeo. Katika kugawanya, tunagawanya namba za mbele, kisha tunatoa kipeo cha chini katika kipeo cha juu. Chukua mfano wa askari wa mawasiliano anayetumia masafa ya megahezi 30, yaani 3 × 10⁷. Akitaka kujua urefu wa wimbi lake hugawanya 3 × 10⁸ kwa 3 × 10⁷. Namba za mbele zinatoa 1, na vipeo vinatoa 8 − 7, yaani 1. Jibu ni 1 × 10¹, ambayo ni mita 10. Antena ya nusu wimbi, basi, itakuwa na urefu wa karibu mita 5.

Katika kujumlisha na kutoa, vipeo sharti vifanane kwanza. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Tuseme ghala moja lina risasi 6.2 × 10³ na jingine lina 4 × 10². Mtu mwenye haraka atajumlisha 6.2 na 4, naye ataandika risasi 10,200. Mtu makini ataigeuza 4 × 10² kuwa 0.4 × 10³, kisha atapata 6.6 × 10³, yaani risasi 6,600. Kamanda atakayepanga mapigano kwa hesabu ya yule wa kwanza atakuwa amepungukiwa na risasi 3,600 kabla vita havijaanza.

HESABU YA DHAHRAN

Sasa turudi kwenye mtambo wa Patriot. Saa yake ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde. Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kwa tarakimu hizo sehemu moja ya kumi haina mwisho, kama vile theluthi isivyo na mwisho katika desimali. Mtambo ulikuwa na nafasi 24 tu za kuitunza namba hiyo, na mabaki yakakatwa. Kilichopotea kilikuwa kama sekunde 9.5 × 10⁻⁸ kwa kila sehemu ya kumi.

Mtambo ulikuwa umewashwa kwa muda wa saa 100 mfululizo. Saa 100 ni sekunde 3.6 × 10⁵, na sehemu za kumi ni 3.6 × 10⁶. Tuzidishe: 9.5 mara 3.6 ni 34.2, vipeo −8 na 6 vikijumlishwa ni −2. Jibu ni 34.2 × 10⁻², au 3.42 × 10⁻¹ katika umbo sahihi. Hiyo ni karibu theluthi moja ya sekunde.

Je, theluthi ya sekunde ni kitu? Scud husafiri karibu mita 1.7 × 10³ kwa sekunde. Tukizidisha kwa 3.4 × 10⁻¹ tunapata 5.78 × 10², zaidi ya nusu kilomita. Rada ilitazama mahali ambapo kombora halikuwepo, na mtambo ukaona anga ni tupu.

FUNZO

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba dalili zilikwisha kuonekana. Tarehe 11 Februari Waisraeli walitoa taarifa kuwa usahihi wa mtambo ulipungua baada ya saa 8 za kazi mfululizo. Tarehe 21 Februari vikosi vilionywa kuhusu kuuwasha mtambo kwa muda mrefu sana, lakini onyo halikutaja ni saa ngapi. Kuuzima na kuuwasha upya kungeirudisha saa yake mwanzo. Programu iliyosahihishwa iliwasili Dhahran tarehe 26 Februari, siku moja baada ya maafa.

Ndugu askari, onyo lisilo na namba ni nusu ya onyo. Andika kipimo, hakiki kipeo, na umwombe mwenzako akague hesabu yako kabla ya kuituma. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa Dhahran ulikuwa mdogo kuliko sehemu moja ya milioni ya sekunde.