Je, Wajua? Mfalme wa Mumias South Road

Kulikuwa na miaka ambayo ukipita vibanda vya movi vya Eastlands, Nairobi, kuanzia Kayole hadi Maringo, ulichosikia ni vishindo vya farasi na panga zikigongana. Watu walikuwa wanatazama Jumong. Tamthilia hiyo ya Korea ina vipindi 81, na wapo waliokesha nayo hadi wakaenda kazini wakisinzia. Walijua vizuri kwamba Jumong ndiye anayetajwa kuiasisi dola ya Goguryeo mwaka 37 kabla ya Kristo. Wachache walifuatilia yaliyotokea karne saba baadaye, na huko ndiko kwenye uhondo.

Rasi ya Korea ilikuwa na falme tatu kubwa: Goguryeo, Baekje na Silla. Silla ilichoka kubanwa na majirani, ikaenda kuomba msaada China kwa watawala wa ukoo wa Tang. Mwaka 660 majeshi ya wawili hao yaliiangusha Baekje. Mfalme wake wa mwisho, Uija, aliyekuwa ametawala tangu 641, alipelekwa China akiwa mateka na akafia huko mwaka uleule. Goguryeo ilifuata mwaka 668. Ndipo Silla ilipong'amua kwamba mgeni wake hana nia ya kurudi kwao, ikabidi ipigane naye hadi 676 kumtoa.

Sasa panda matatu ya 58, ushuke Buruburu. Pale kuna barabara iitwayo Mumias South Road, na jina lake limebeba kisa cha aina hiyo hiyo, isipokuwa mgeni wa huku alikaa muda mrefu zaidi.

Kabla ya kisa chenyewe, je, wajua kwamba Buruburu imebeba njia nzima ya misafara ya zamani? Mbali na Mumias South Road, kuna Rabai Road. Rabai iko nyuma ya Mombasa, pale misafara ilipoanza kupanda kuelekea bara. Mumias ndipo ilipotua kupumua kabla ya kuingia Busoga na Buganda. Safari iliyowala wapagazi miezi, mtu wa Buruburu huimaliza kwa miguu akitafuta mkate wa jioni.

Mumia alikuwa Nabongo, yaani mfalme, wa Wawanga. Hilo lenyewe ni ajabu kidogo, kwa kuwa jamii nyingi za Waluhya ziliongozwa na wazee wa koo na hazikuwa na mfalme. Alikalia kigoda cha baba yake, Shiundu, mwaka 1882. Mji wao wenyeji waliuita Elureko, lakini watu wa misafara walikuwa na desturi ya kuuita mji kwa jina la mwenyewe. Basi Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland, alipofika mwishoni mwa 1883 mahali hapo palikuwa bado panaitwa Kwa Sundu, ilhali Shiundu alikuwa kaburini.

Kwa nini kila msafara ulipitia hapo? Tumbo. Ukishavuka nchi ya Wamaasai na nyanda za juu zenye baridi, Elureko ndipo ulipopata nafaka ya kununua kwa wingi na mwenyeji asiyekurushia mkuki. Waarabu na Waswahili walifuata pembe za ndovu, wakaacha bunduki na dini. Hadi leo Mumias ni mojawapo ya vituo vikongwe vya Uislamu magharibi mwa Kenya.

Wazungu nao walipita kwa foleni. Askofu James Hannington alipita mwaka 1885 akielekea Buganda, akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba kwa amri ya Mwanga, Kabaka (yaani mfalme) wa Buganda. Mifupa yake ilirudishwa ikazikwa kwa Mumia, hadi mwaka 1892 Askofu Tucker alipoichukua na kwenda kuizika upya Namirembe, Kampala.

Miaka michache baada ya Hannington kuuawa kulitokea sinema nyingine. Frederick Jackson wa kampuni ya Waingereza alipiga kambi kwa Mumia mwaka 1889, kisha akaenda kuwinda upande wa Mlima Elgon. Mapema 1890 akatokea Mjerumani Carl Peters, akakuta kambi haina mwenyewe na barua za kutoka Buganda zimewekwa. Akazifungua, akazisoma. Humo akajua kwamba Mwanga anaomba msaada, akafunga virago mbio mbio, akatangulia kufika na kusaini mkataba naye. Wizi wote huo haukumfaa: Julai 1 mwaka huohuo Ujerumani na Uingereza zilikubaliana Ulaya kwamba Uganda ni ya Mwingereza. Kumbuka kwamba yote haya yanatendeka nyumbani kwa Mumia, na hakuna anayemuuliza Mumia.

Lakini yeye alikuwa na hesabu zake. Wabukusu walimsumbua upande wa kaskazini, Wajaluo wa Ugenya wakamsukuma upande mwingine. Mgeni mwenye bunduki alikuwa ngao. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mumia alimwachia mgeni wake bunduki, na wapiganaji wa kwenda naye. C. W. Hobley, afisa wa Waingereza, alipofika mwaka 1895 aliifanya Mumias makao ya serikali, na mwaka huohuo Waingereza, wakiwa na wapiganaji wa Wanga, walizishambulia ngome za Wabukusu huko Lumboka na Chetambe. Chetambe watu waliuawa kwa wingi ndani ya handaki lao, na jina hilo halijasahaulika Bukusu. Mtaje Mumia leo mbele ya Mbukusu wa Makongeni na mtu wa Wanga wa Shauri Moyo, kisha kaa pembeni usikilize.

Kwa muda, biashara ilimlipa. Ndugu zake walitawazwa machifu juu ya watu ambao babu zao hawakuwahi kumpigia Nabongo yeyote magoti: Mulama akapewa Marama, Murunga akapelekwa hadi Kimilili. Mwaka 1909 Mumia mwenyewe alitangazwa chifu mkuu. Kwa jina, ufalme wake haukuwahi kuwa mpana kiasi hicho. Mimi naona ndipo ulipoishia. Mfalme hapewi cheo na mtu mwingine, na akipewa, aliyempa ana uwezo wa kukitwaa.

Kilichomwangusha hakikuwa vita. Ilikuwa reli. Ilianzia Mombasa, ikafika Nairobi mwaka 1899, kisha tarehe 20 Desemba 1901 ikafika ziwani, pale palipoitwa Port Florence na sasa ni Kisumu. Haikupita kwa Mumia. Kuanzia hapo aliyekuwa anakwenda Buganda alishuka kwenye garimoshi, akapanda meli, akafika. Nani tena angetembea hadi Elureko kununua nafaka?

Na je, wajua kwamba garimoshi lile lilipofika Kisumu lilikuwa limefika Uganda kweli? Mpaka ulikuwa upande wetu huku, na Mumia alihesabiwa mtu wa Uganda. Mnamo Aprili 1902 Waingereza walihamisha jimbo zima kulileta upande ambao sasa ni Kenya. Nabongo akabadilishiwa nchi akiwa amekaa palepale kwenye kigoda chake.

Yaliyofuata yalikuja polepole, kama maji yanayokauka mtungini. Mwaka 1920 ofisi za serikali zilihamishwa kutoka Mumias zikapelekwa Kakamega. Mwaka 1926 chifu mkuu alistaafishwa. Katika miaka ya 1930 watu wa Marama, Bukusu na kwingineko walikuwa wamechoka kutawaliwa na ndugu za Nabongo, na machifu wale wakaondolewa. Hata reli ndogo ilipotolewa Kisumu kuelekea huko, iliishia Butere. Mumias wakaisikia honi kwa mbali, kama ilisikika.

Hapa ndipo mtu wa Eastlands anapoingia kwenye kisa chenyewe, maana reli iliyomkosesha Mumia riziki ndiyo iliyoianzisha Eastlands. Muthurwa na Makongeni zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na Landhies Road imechukua jina la landi, yaani nyumba zao. Vijana wa nchi ya Nabongo walitembea hadi Butere, wakakata tikiti, wakashuka Nairobi kutafuta kazi, na wengi wakaishia huku kwetu, vyumba vya kubanana na mpira wa jioni.

Mumia alifariki tarehe 24 Aprili 1949, akikadiriwa kukaribia miaka 100. Mwanga na Kabalega wa Bunyoro, wenzake wa kizazi kile, walipigana na Mwingereza, wakakamatwa mwaka 1899, wakahamishiwa Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi, akafia njiani huko Jinja mwaka 1923. Mumia alifia kwao. Ukihesabu kutoka 1882, alikaa Nabongo miaka 67, mitatu zaidi ya Malkia Victoria. Wafalme watano wa Uingereza walipokezana yeye akiwapo: Victoria, Edward wa Saba, George wa Tano, Edward wa Nane na George wa Sita. Hakuna Mwingereza aliyemtoa roho wala kumfunga minyororo. Walimchukulia kila kitu kingine.

Wapo wanaomwita msaliti. Wapo wanaosema aliwaokoa watu wake wasichinjwe. Nadhani hesabu yake ilikuwa sawa mwaka 1895, na Silla pia hesabu yake ilikuwa sawa mwaka 660. Tofauti ni kwamba Silla ilikuwa na jeshi lake yenyewe siku mgeni alipokataa kuondoka.

Ukipita Buruburu tena, kitazame kibao cha barabara. Mfalme aliitwa Mumia. Ile herufi ya mwisho ni ya Waingereza, ambao katika lugha yao huongeza s kuonyesha kitu ni cha nani: walipoandika Mumias walikuwa wanasema "kwa Mumia". Wakati wanaiandika kwenye ramani, palikuwa tayari ni kwao.