Je, Wajua? Kiti Kisichoibwa

Je, wajua kwamba ukipiga deki sebuleni asubuhi unafanya kazi ya baharia? Deki ni neno la melini, sakafu ya mbao ambayo mabaharia walikuwa hawaachi kuimwagia maji na kuisugua. Huko Marekani neno hilo limeteremka nchi kavu. Siku hizi deki ni jukwaa la mbao lililoungwa nyuma ya nyumba, na mwenye nazo akitaka kulipendezesha hujengea humo humo viti, masanduku ya maua, jiko la kuchomea nyama na taa za ngazini. Watu wa pwani tuna kitu cha ukoo huo. Chetu ni cha mawe, nacho kinakaa mbele ya nyumba, palepale wapita njia wanapopita. Ni baraza.

Je, wajua kwamba baraza ni kiti kilichopanda cheo kikawa serikali? Kitako cha mawe kando ya mlango kiliwapa jina watu wanaokaa juu yake, kisha shauri wanalolikata. Mwaka 1967 Tanzania ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa, na mwaka 1980 Zanzibar ikapata Baraza la Wawakilishi. Umoja wa Mataifa una Baraza la Usalama la wanachama 15. Kenya, chifu huitisha baraza chini ya mti pasipo na tofali hata moja. Na rais akivunja baraza, mwashi haitwi.

Je, wajua kwamba neno diwani limepita njia hiyo hiyo kinyumenyume? Kwa Waajemi na Waturuki lilihusu ofisi na mkutano wa watawala. Lilipofika Ulaya likaishia kuwa kochi la kujinyoosha. Kwetu diwani bado anagombea kura.

Je, wajua kwamba benki na benchi ni watoto wa tumbo moja? Wabadili fedha wa Italia walifanyia kazi mezani, kwenye banca, neno lenye asili moja na benchi. Huko huko Italia, matajiri wa Firenze walijengea benchi la mawe kwenye ukuta wa nje wa majumba yao. Palazzo Strozzi, lililoanza kujengwa mwaka 1489, linalo mpaka leo, na mtalii aliyechoka hukaa bila kumuomba mtu ruhusa.

Je, wajua kwamba makaburi ya kale ya Misri yenye umbo la sanduku yamepewa jina la baraza? Yanaitwa mastaba, na mastaba kwa Kiarabu ni kitako cha kukalia nje ya nyumba. Waliokuwa wakifukua mchanga waliyaona yanafanana na walichokiacha mlangoni kwao.

Je, wajua kwamba nyumba ya mawe ya Lamu humpokea mgeni kwa vituo? Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo penye utamu. Kituo cha kwanza ni daka, kibaraza chenye paa kilichoingizwa ndani ya ukuta, na vitako vya mawe kulia na kushoto mwa mlango. Mtu wa shughuli fupi huishia hapo: anazungumza, anakunywa kahawa, anakwenda zake, na wa ndani hawajasumbuliwa. Akivuka mlango anakuta tekani, kijichumba cha kupitia ambacho kimepindishwa makusudi ili jicho la barabarani lisifike uani. Baada ya tekani ndiyo kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, na vyumba vinafuatana nyuma yake, kila kimoja na siri kuliko kilichotangulia. Mfanyabiashara aliyengojea pepo zigeuke ndipo arudi kwao alipewa sabule, chumba cha wageni chenye njia yake. Wachoraji ramani wa leo wanaochora sebule inayotazamana na geti wangepaswa kulala Lamu wiki moja.

Je, wajua kwamba nyumba hizo zilikuwa na samaki wa kazi? Birika la maji la bafuni lilichimbiwa bakuli la kaure kwenye sakafu yake. Maji yakipungua, bakuli hubaki limejaa, na vijisamaki vilivyomo vinaendelea kuishi na kula viluwiluwi vya mbu. Hakuna dawa, hakuna umeme.

Je, wajua kuhusu zidaka? Ni safu za vishubaka vilivyojengewa ukutani, vikapambwa kwa lipu ya chokaa iliyochongwa, pa kuwekea sahani za kaure na msahafu. Kabati lisilohamishika.

Je, wajua kwamba anayejenga bwawa la kuogelea nyumbani leo amechelewa karne saba? Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lilijengewa bwawa la pembe nane ukingoni mwa bahari, pamoja na ua wenye ngazi pana za kukalia. Ibn Battuta alipita Kilwa mwaka 1331. Kasri lenyewe halikukaliwa muda mrefu, na magofu ya Kilwa yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981.

Je, wajua kwamba upana wa chumba cha kale uliamuliwa na mkoko? Dari hubebwa na boriti, na boriti haivutwi. Ndiyo maana vyumba vya Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ni virefu lakini vyembamba, ni nadra kuzidi mita 3. Wakata mikoko wa Lamu wana majina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Shehena zilikuwa zikienda kwa majahazi hadi Ghuba, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kusafirisha miti hiyo nje mwaka 1982.

Je, wajua kwamba chokaa ni jiwe linalokufa na kufufuka? Matumbawe huchomwa katika tanuu la magogo mpaka joto lipite nyuzi 900 hivi, hewa ya ukaa itoke, na jiwe liwe jepesi na lenye hasira. Likimwagiwa maji linachemka lenyewe. Uji wake hulazwa shimoni, na waashi wa zamani hawakuwa na haraka nao. Ukipakwa ukutani, huanza kuvuta ile hewa ya ukaa iliyotoka, kidogo kidogo, hadi urudi kuwa jiwe. Tena ukuta wa chokaa unapumua. Unyevu uliopanda kutoka ardhini hutoka nje kupitia lipu. Ndugu zangu wanaopiga saruji juu ya ukuta wa matumbawe wanadhani wanauimarisha, kumbe wameufunga mdomo. Maji hubaki ndani, chumvi ya bahari huganda nyuma ya lipu, na baada ya miaka michache saruji inadondoka pamoja na kipande cha ukuta.

Je, wajua kwamba baraza ni kinga ya mvua pia? Hulikinga tako la ukuta lisirukiwe na maji ya njia. Masika yakifurika vichochoro vya Zanzibar, watu hupita juu ya mabaraza, kutoka nyumba hadi nyumba, viatu mkononi.

Sasa kwa anayetaka kujenga au kuboresha lake. Je, wajua kwamba kosa kubwa halionekani mpaka inyeshe? Fundi mmoja, jina lake nalimeza, alinijengea baraza lililoinamia mlangoni. Mvua ya kwanza, makobazi yalikuwa yanaelea sebuleni. Mteremko uende nje, sentimita 1 au 2 kwa kila mita, na usikubali fundi apime kwa jicho wakati pimamaji imo mfukoni mwake. Kimo cha kukalia kiwe sentimita 40 mpaka 45; kikizidi hapo bibi atabaki kuning'iniza miguu. Kifusi kishindiliwe kwa tabaka, la sivyo sakafu itapasuka kabla hujamaliza deni la saruji. Ukitaka taa chini ya kitako, bomba la waya lilazwe kabla ya zege. Ukitaka pa kuweka mkaa, acha uwazi chini yake na mlango mdogo. Na marumaru za kung'aa ziache ndani: zikinyeshewa zinateleza, zikipigwa na jua hazikaliki.

Je, wajua kwamba si kila baraza ni la wanaume? Wanaoandika kuhusu Mji Mkongwe huwaona wazee na bao lao la mashimo 32 na kete 64, wakadhani wamemaliza. Waende Dar es Salaam, Magomeni au Temeke, kwenye nyumba za korido katikati na vyumba kulia na kushoto. Alfajiri baraza ni la mama wa vitumbua na chapati, jioni ni la wasusi. Mwenye nyumba akiweka nondo na geti kuzunguka baraza, wa kwanza kukosa mtaji ni huyo mama.

Je, wajua kwamba muuza kahawa hahitaji kutangaza? Hugonganisha vikombe tu, na baraza zima linajua mdila umefika.

Je, wajua, mwisho, kwamba Zanzibar kuna mahali pa kupiga simu nje ya nchi bila senti? Ni Jaws Corner, makutano ya vichochoro yaliyochukua jina la filamu ya papa ya mwaka 1975. Vitako vimezunguka, kahawa chungu ipo, dhumna zinapigwa, na kwenye nguzo imetundikwa simu ya zamani yenye tangazo kwamba ni ya bure. Haijaungwa na waya wowote. Wageni huinyanyua wakapigwa picha, na wazee wanaendelea na dhumna.