Utumwa ulifutwa, dharau je? Funzo kutoka Dakawa

Himdi zote anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam).

Dakawa, mkoani Morogoro, Serikali ya Tanzania ilitoa ardhi miaka ya 1980 kwa chama cha ANC, kama ilivyofanya kabla yake huko Mazimbu. Waliohamia walikuwa wakimbizi wa Afrika Kusini, waliokimbia utawala uliowapanga watu kwa rangi na kuwanyima weusi kura.

Utawala huo uliwagusa pia watu wanaobeba jina letu. Kuanzia 1873, mwaka ambao Sayyid Barghash alifunga soko la watumwa Unguja, Waingereza waliwashusha Durban watumwa waliowakamata majahazini. Wengi walikuwa Wamakua Waislamu, na kizazi chao huitwa “Wazanzibari”. Serikali ya makaburu ikawaondoa kwa nguvu Bluff na kuwapeleka Chatsworth. Babu walitolewa minyororo, lakini wajukuu hawakupata kura iliyo sawa na ya wengine mpaka 1994.

Hoja ya makaburu ilikuwa kongwe. Athens ya kale ilijivunia demokrasia huku watumwa wake hawana sauti, na Aristotle akaandika kuwa wapo watu walio watumwa kwa maumbile. Mwenye kuamini hivyo hawezi kukubali kuwa kura ya jirani yake ina uzito sawa na yake.

Kwetu Unguja utumwa uliondolewa kisheria 1897, na Tanganyika 1922. Hata hivyo, asili ya mtu bado hutajwa kwa kejeli, katika posa na hata katika siasa.

Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) alimteua Usama, mtoto wa Zayd aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, aongoze jeshi lenye Maswahaba wakubwa. Baadhi ya watu walipompinga, aliwakumbusha kuwa walimpinga baba yake pia, naye alistahiki uongozi. Surat al-Hujuraat, aya ya 13, nayo inaweka ubora katika taqwa.

Kafaa katika ndoa ina maelezo yake kwa wanachuoni. Ama kumdharau Muislamu kwa asili yake, hilo ni haramu. Basi wazazi, tusiwarithishe watoto wetu maneno hayo, na tunapomchagua kiongozi tutazame uadilifu na uwezo wake.

Wallahu a‘lam.